Handaki la kona kwenye reli ya mfano: mkono upite juu, chini au ubavuni?

ReliNdogo
Wakuu, salaam. Najenga reli ya mfano ya kipimo cha HO (1:87, yaani kila kitu ni mara 87 kidogo kuliko halisi), njia mbili sambamba, na kwenye kona ya chumba nataka mlima. Treni iingie mdomo mmoja, ipinde nyuzi 90, itokee upande wa pili. Njia isiyoonekana ni kama mita moja na nusu, nusu kipenyo cha kona ni sentimita 60. Kuta mbili zimebana, kwa hiyo nyuma hakufikiki. Reli zimeshalazwa, mlima bado. Nimebaki na njia tatu za kuingiza mkono ndani: kilele chote kinyanyuke, au niache uwazi chini ya meza, au ubavu wa mbele uwe na kipande cha kuchomoa. Meza ina kimo cha sentimita 120, na kutoka ukingoni hadi reli ya mbali ni sentimita 75. Mngechagua ipi?

FundiPlaiwudi
Kilele cha kunyanyua, mkuu, ila usikijenge kwa plasta juu ya wavu wa waya. Kitakuwa kizito na kitapasuka pembeni kila ukikiweka chini. Tumia matabaka ya foamu ngumu yaliyogandishwa na kuchongwa kwa kisu, juu upake plasta nyembamba tu. Angalia gundi: zenye kiyeyusho huila foamu hadi ibaki mashimo.

Siri iko kwenye mshono. Funika sehemu ya chini kwa nailoni ya kufungia chakula, kaza isiwe na mikunjo, weka kilele mahali pake, ndipo upake plasta mpaka ukingoni. Ikikauka unanyanyua, unavuta nailoni, kingo mbili zinalingana kabisa. Kisha mshono upitishe chini ya genge au nyuma ya mstari wa vichaka, usiukate katikati ya nyasi tupu.

TreniZaUsiku
Fundi, kilele chake atakiweka wapi akishakinyanyua, na treni nyingine ziko njiani? Halafu sentimita 75 kwa meza ya kimo hicho ni mbali. Mkono wa mtu mzima unafika, lakini kufika si kurudisha bogi (kigari cha magurudumu chini ya behewa) juu ya reli. Atalalia miti na nyumba zake kwa kiwiko.

Mimi ni mtu wa chini. Kata plaiwudi yote ya kona, bakiza utepe unaobeba reli tu, upana wa njia mbili na nafasi kidogo. Unaketi kwenye kigoda, unainuka, kichwa na mikono yote miwili vimo ndani ya mlima. Hakuna njia nyingine inayokupa mikono miwili na macho kwa pamoja. Sharti moja: nyaya zifungwe kwenye fremu, zisining'inie usoni.

ReliNdogo
Na injini ikiacha reli huko ndani si itaanguka hadi sakafuni?

TreniZaUsiku
Itaanguka, ndiyo maana utepe huwekewa kingo pande zote mbili, zipande sentimita 2 hadi 3 juu ya reli. Usizibane sana. Behewa la abiria la Ulaya lenye mita 26.4 huwa kama sentimita 30 kwenye HO, na bogi zake zimeachana mita 19, yaani sentimita 22 hivi. Kwenye kona yako ya 60, katikati ya behewa huingia ndani karibu sentimita moja, na ncha zake hutoka nje karibu kiasi hicho hicho. Kwa hiyo angalia pia nafasi kati ya njia mbili: mabehewa marefu yakipishana humo, la njia ya nje linajaa ndani na la njia ya ndani linatoa ncha. Ndiyo ajali usiyoiona.

Kipimo87
Mnabishania mlango kabla ya kuuliza mkono unaingia kufanya nini. Kwanza kusafisha reli. Pili kuokoa treni iliyokwama kwa sababu umeme haukufika. Tatu kuokoa iliyoacha reli. Mbili za mwisho hupungua sana ukijenga vizuri: swichi ya kubadili njia isiwepo handakini, maungio ya kwenye kona yachomelewe kwa risasi, na kila kipande cha reli kiwe na waya wake wa umeme badala ya kutegemea viungio.

Dada yenu nasema hivi: kwa kuwa mlima haujajengwa, ReliNdogo apitishe leo treni yake ndefu kuliko zote, mbele na kinyumenyume, taratibu na kwa kasi. Kurudi nyuma ndiko kunakofichua maungio mabaya.

Kwa kusafisha, napenda ubavu wa mbele. Unachomoa kipande, unapitisha kitambaa, unarudisha, kazi imekwisha bila kuinama. Kifanye ukuta wa mawe wa kuzuia udongo wenye nguzo, mshono wa wima ujifiche kwenye kona ya nguzo. Sumaku ndogo nne zinatosha kukishika.

FundiPlaiwudi
Hilo la nguzo nimelipenda. Lakini ubavuni ataifikia njia ya mbele vizuri, ya nyuma atapapasa.

Kipimo87
Ndiyo, na ndiyo maana ya nyuma namwachia TreniZaUsiku na kigoda chake. Sikusema achague moja.

ReliNdogo
Basi nimeamua: ubavu kwa usafi, chini kwa uokoaji, kilele kibaki kimegandishwa. Uwazi wa ubavuni uwe na ukubwa gani?

TreniZaUsiku
Pima ukiwa umeshika injini, si mkono mtupu. Ngumi iliyobeba injini inahitaji nafasi zaidi ya unavyodhani, hasa kwa juu. Na kabla hujafunga, paka rangi nyeusi isiyong'aa kuta za ndani ya kila mdomo, sentimita 20 za mwanzo. Zaidi ya hapo hakuna anayeona.

ReliNdogo
Kingo za plaiwudi ya milimita 3 zinafaa?

TreniZaUsiku
Zinafaa, na zinapinda na kona bila kulowekwa. Zigandishe ubavuni mwa utepe, usizisimamishe juu yake, zisije zikakumegea nafasi ya mabehewa.