Tupeane uzoefu: good conduct wakati ulishawahi kukamatwa

Mwenye uzi:
Jameni hii mada ya good conduct, kile cheti cha polisi wa Kenya cha kuonyesha kama una rekodi ya uhalifu, naomba tuiongelee vizuri. Ile njia ya kawaida kila mtu anaijua, unaingia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, unalipa shilingi 1,050, unaprinti invoisi na ile fomu ya C24 mbele na nyuma kwa karatasi moja, unabeba kitambulisho chenyewe unaenda Huduma Centre ama makao ya wapelelezi, DCI, Kiambu Road kuchukuliwa alama za vidole, halafu unangoja cheti kiingie kwa akaunti. Hapo sina swali. Swali langu ni kwa wale waliowahi kulala selo, wakachukuliwa vidole hukohuko kituoni, wakapelekwa kortini na kesi ikaisha bila kufungwa. Kijana wetu alibebwa kwa msako wa usiku akashtakiwa kuzua fujo, siku ya kusikizwa mlalamishi hakuonekana, hakimu akamwachilia chini ya kifungu cha 202 cha sheria ya taratibu za kesi za jinai. Sasa amepata kazi ya usoja, yaani ulinzi wa kampuni, wanataka good conduct, na amekuwa na wasiwasi mpaka anasema heri aache hiyo kazi. Semeni mlichopitia wenyewe.

Mdau wa Likoni:
Pole ndugu yangu, mwambie asiache kazi. Yangu mimi ilikuwa kifungu cha 87(a) cha sheria hiyohiyo, yaani upande wa mashtaka waliiondoa kesi kabla sijajitetea, unaenda nyumbani lakini wanaweza kukushtaki tena kwa jambo lilelile. Yake ya 202 ni nzuri zaidi, ile ni kuachiliwa kabisa, sawa na ukiachiliwa kwa kifungu cha 210 ama 215. Kitu watu hawajui ni kwamba vidole vilichukuliwa siku ile ulikamatwa, lakini uamuzi wa korti unatakiwa ufuate baadaye, na usipofuata faili inabaki kama kesi bado iko. Kwangu haukufuata. Nilirudi kortini kwa rejistri na namba ya kesi, nikaomba nakala ya uamuzi yenye mhuri, nikalipia, nikaipeleka ofisi ya rekodi za uhalifu na barua. Kwa barua niliandika Katiba kifungu cha 50(2)(a), kwamba mtu hana hatia mpaka ithibitishwe, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ambayo inakupa haki ya kuomba habari zako za uongo zirekebishwe. Nilizungushwa kiasi lakini ikarekebishwa. Kwa hivyo kijana aanzie rejistri, eCitizen baadaye.

Mwenye uzi:
Asante sana. Ulihitaji wakili?

Mdau wa Likoni:
Hapana, namba ya kesi na subira tu. Kama hana namba aangalie zile karatasi za bondi ama risiti ya dhamana, huwa imeandikwa hapo.

Mama Umoja:
Mimi sijawahi kushikwa lakini vidole ndo vilinisumbua wanangu. Nafua nguo za watu miaka mingi, ngozi imelika, alama zikarudi eti hazisomeki na safari ya Qatar imekaribia. Nililia. Mwenye kazi ya mikono, sabuni, simiti, mawe, pumzisha mikono siku kadhaa na upake mafuta usiku, lakini asubuhi ya kwenda usipake kitu. Na ukishakipata kwa ajili ya Uarabuni bado hujamaliza, kinagongwa mhuri kwa Wizara ya Mambo ya Nje, halafu ubalozi wa hiyo nchi. Cheti ni cha mwaka mmoja so usikimbilie kukitoa kabla kazi haijashika.

Mdau Minnesota:
Huku Marekani ni tofauti kidogo. Nilikuwa naingia kazi ya kutunza wazee, kampuni inayochunguza watu ikatafuta kwa jina, ikaleta kesi ya mtu mwingine tunayefanana majina, na nyinyi mnajua majina yetu yalivyo. Sheria ya hizo ripoti za kuchunguza watu inaitwa FCRA, mwajiri kabla hajakunyima kazi kwa sababu ya ile ripoti lazima akupe nakala, na ukipinga wanatakiwa kuchunguza ndani ya siku 30 bila kukulipisha. Pia kukamatwa bila kupatikana na hatia, kampuni hizo haziruhusiwi kukuripoti baada ya miaka 7, isipokuwa kazi ya mshahara wa dola 75,000 kwenda juu. Mimi niliagiza rekodi yangu ya FBI, dola 18, hiyo inatafutwa kwa vidole na sio jina, ikatoka safi nikaipeleka pamoja na malalamiko. Kazi nikapata.

Mwenye uzi:
Mungu awabariki. Kuna ajenti tayari alimwambia alete pesa atasafishiwa jina bila kwenda kuchukuliwa vidole, nimemkataza kabisa, hicho ni cheti feki na kughushi ni kesi mpya. Jumatatu tunaenda rejistri. Mwenye 202 yake ilitokea kwa cheti ama haikutokea tafadhali aandike, bado sijapata hata mmoja.