Re: P45 haijaja, nimewekwa BR, naomba msaada

Mama Nasra, Leicester

Asalaam aleikum, habari zenu wote. Samahani kwa kuwasumbua, najua haya yalishaongelewa humu ila sijaliona jibu. Mwezi wa tisa mwaka huu wa 2025 niliacha ejensi niliyokuwa nafanyia shifti za kea, kuhudumia wazee, Oktoba nikaanza kwenye nyumba moja ya wazee, mkataba wa kudumu, saa 37 na nusu kwa wiki. Ejensi mpaka leo hawajanipa P45, ile karatasi ya kodi unayopewa ukiacha kazi. Nikipiga simu naambiwa "itatumwa kwa imeli". Slipu ya Oktoba namba ya kodi ni BR, ya Novemba BR. Dada wa mishahara kazini anasema bila P45 hana la kufanya, na mishahara ya Desemba wanaifunga tarehe 12. Nifanyeje hiyo P45 itoke kabla ya hapo? Mama yuko Tanga anasubiri hela ya kutolewa mtoto wa jicho, na nilishamwahidi.

Dereva, Reading

Pole dada. Hayo ya ejensi tumeyapitia wengi. Mimi 2019 nilihama ghala moja kwenda jingine Agosti, P45 nikaiona Machi. Mwisho wa siku walinirudishia, hundi ikaja nyumbani mwezi wa saba. Naipeleka benki, nakuta tawi limegeuzwa duka la kahawa! Vuta subira tu, hela yako haipotei.

Mama Sofia, Coventry

Jamani msimpotoshe mwenzenu. Hundi ni ya baadaye, mwaka wa kodi ukishafungwa tarehe 5 Aprili. Namba ya kodi ikirekebishwa kabla ya hapo, hela inarudi ndani ya mshahara wenyewe. BR maana yake kwenye kazi hiyo hapewi hata senti ya ile 12,570 ya mwaka isiyokatwa kodi, anakatwa 20% kuanzia paundi ya kwanza. Piga hesabu, ni paundi 209 na nusu kila mwezi. Anayesubiri operesheni Tanga utamwambia avute subira mpaka Julai?

Mama Nasra, ile fomu uliyojaza siku ya kwanza kazini, uliweka tiki wapi: A, B au C?

Dereva, Reading

Sijampotosha mtu. Nimeeleza yaliyonikuta mimi.

Mzee wa Milton Keynes

Wanangu, mnagombana kuhusu BR na hiyo 12,570 yenyewe hamuitazami. Imekaa palepale tangu Aprili 2021. Sunak akiwa waziri wa fedha aliifunga mpaka 2026, akaja Hunt akaisogeza 2028, na Novemba 2025 huyu mama Reeves wa Labour kaisogeza 2031. Na 2024 alisimama bungeni akasema hataongeza muda, maana itawaumiza wafanyakazi! Asilimia haijapanda, ndiyo, ahadi yao ya uchaguzi imetunzwa. Lakini kima cha chini cha 2025 ni 12.21 kwa saa, Aprili 2026 kinakwenda 12.71, na kile unachoongezwa kinaangukia chote kwenye kodi. Wanakupa kwa mkono wa kulia, wa kushoto uko mfukoni mwako. Conservative, Labour, shati ni lilelile, wamegeuza kola.

Glasgow

Shikamoo Mzee. Ila mnapoandika asilimia mkumbuke na sisi wa Scotland. Namba zetu zinaanza na S, tunaanzia 19%, halafu 20, halafu 21, na ukivuka huko juu ni 42, si 40. Kila siku humu "hapa Uingereza, hapa Uingereza", mtu mpya akifika Glasgow anajaza hesabu za Birmingham.

Mama Sofia, Coventry

Leicester haiko Scotland.

Mvita, Luton

Mzee umenena, lakini mimi kodi hainikoseshi usingizi. Kinachonitoa jasho ni miaka. Nilikuja na viza ya kea nikijua mitano ndiyo ILR, ruhusa ya kuishi hapa daima. Wakasema kumi. Sasa hilo pendekezo la serikali la Novemba 2025 linataka sisi wa kea tungoje 15, na ada ya viza nalipa, na NI, mchango wa bima ya taifa, nakatwa kama kawaida. Na anayeleta haya ni Labour! Wanamuogopa Farage wa Reform, chama kinachopinga wahamiaji, kuliko wanavyotuhitaji. Reform walipata viti vitano tu 2024, lakini uchaguzi wa kansili wa Mei 2025 umewatia hofu hawa wote. Babu ninayemwogesha asubuhi ni mpiga kura wa Reform, ananiambia waziwazi, "wewe si katika wale". Kisha ananiuliza Jumapili nitakuja mimi au ataletewa mtu mwingine.

Dereva, Reading

Ndiyo maana Corbyn, aliyekuwa kiongozi wa Labour, na yule binti mbunge Zarah Sultana wametoka wakaanzisha chama chao. Labour waliwafukuza wabunge saba kwa sababu tu walitaka watoto wa tatu walipwe.

Mama Sofia, Coventry

Hawakufukuzwa, walisimamishwa, Julai 2024, kwa kupiga kura dhidi ya ile sheria ya kulipia posho watoto wawili tu. Na Corbyn hakuwa mmoja wao, alikuwa ameshatoka, akagombea peke yake Islington na akashinda. Sasa hiyohiyo sheria serikali yenyewe imetangaza kuifuta kuanzia Aprili 2026. Waliotangulia kusema waliadhibiwa, waliowaadhibu wamepigiwa makofi. Hapo ndipo Labour wanaponishinda. Conservative wanagombana hadharani tukawazoea, waziri mkuu wao Truss aliondoka baada ya siku 49. Hawa wananuniana kama wake wenza.

Mama Nasra, bado nauliza: A, B au C?

Wa Bukavu, Sheffield

Miye nawasikia munasema kura, kura. Niko hapa tangu miaka kumi na moja, nalipa kodi, nalipa kansili, kura ya bunge sina. Jirani yangu wa Kigali amefika juzi tu na 2024 alipiga. Mutanielezea?

Mvita, Luton

Jumuiya ya Madola, ndugu yangu. Kenya, Tanzania, Uganda zimo, tukiwa na viza halali tunajiandikisha. Kongo haimo.

Wa Bukavu, Sheffield

Na Rwanda ilitawaliwa na Mwingereza lini?

Mvita, Luton

Haikutawaliwa. Waliomba wenyewe wakaingia 2009. Waambie wenu nao waombe.

Wa Bukavu, Sheffield

Wetu wako na vita ya kuomba iishe kwanza.

Mzee wa Milton Keynes

Kijana kasema neno zito. Na sisi wenye kura huko kwetu tujisemee. Mwisho wa Oktoba, uchaguzi wa Tanzania, nimekaa siku tano simu mkononi, mtandao umezimwa nchi nzima, sijui kama dada yangu Mwanza yuko hai au la. Nikaona Waingereza kwenye televisheni wanagombania paundi wanazopewa wazee za kupashia nyumba joto, nikasema hawa…

Msimamizi

Mzee, kwa heshima zote, ya Oktoba tulikubaliana yana uzi wake. Turudi kwenye P45 tafadhali.

Glasgow

Nikiwa hapohapo, kuna anayejua Leicester wanauza dagaa wa Mwanza wakavu, si wale waliokaangwa? Nakuja Ijumaa na gari.

Dereva, Reading

Wapo, barabara ya Narborough, uliza dukani. Nami uniletee kilo mbili tukutane Watford Gap, kile kituo cha barabara ya M1.

Mama Nasra, Leicester

Poleni kwa kuchelewa, nilikuwa shifti ya usiku. Nashukuru kwa wote mlionijibu. Dada Sofia, ile fomu nimeitafuta kwenye simu, nilipiga picha. Nimeweka C. Imeandikwa nina kazi nyingine, nami siku ile nilikuwa bado sijaipata P45, nikajua ejensi bado wananihesabu. Kwani C ndiyo imeniponza? Na nikiibadilisha leo, P45 bado nitaihitaji?

Glasgow

Dereva, Watford Gap iko kusini ya Leicester. Nikishapata dagaa nageuza kurudi kaskazini. Njoo wewe.