Kikinga cha msumeno: kosa la fundi mkuu au letu?

Mpiga Randa, Jang'ombe: Assalaam alaykum. Juzi karakanani kwetu mashine ya kupasulia mbao imemkata kijana, kidole cha shahada kikabaki kinaning'inia kwa ngozi. Kikinga cha msumeno kipo, lakini kiko ukutani, kimegeuzwa chango cha kanzu ya fundi mkuu. Sheria ya usalama na afya kazini hapa Zanzibar tunayo tangu 2005. Nauliza, kosa la nani? La fundi mkuu, au letu sie tunaomcheka mtu akivaa miwani?

Babu Juba: Pole kwa kijana. Lakini yakhe, mie miaka thalathini na vidole vyangu kumi vyote ninavyo. Ukiweka kikinga huuoni mstari. Vijana wa sasa mkono kwenye mbao, jicho kwenye simu.

Mke wa Seremala: Vidole unavyo babu, na kifua je? Shati la mume wangu nalikung'uta uani, na usiku kucha anakohoa. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilishasema 1995 kuwa vumbi la mbao linaleta saratani ya pua. Akipasua mvule ndiyo basi, anajikuna hadi shingoni.

Mti Mkavu, Wete: Mvule gani huko Unguja? Mnaunga vipande, mnapaka vanishi, mtalii anaambiwa mlango wa kale. Fundi wa Pemba anaujua mti kwa harufu.

Babu Juba: Hebu! Na milango ya Mji Mkongwe kachonga nani, wapiga kasia wenu?

Mti Mkavu, Wete: Ile ya maana ni msaji, yaani mtiki, umeletwa na majahazi kutoka Bara Hindi. Kasome, babu wa vidole kumi.

Keekee: Msaji peke yake? Mlango wa kwetu Malindi ni mfenesi. Ukwaruze kidogo tu, umanjano huo.

Bi Tupa: Mmeshahama. OSHA, wale wakaguzi wa usalama kazini, waje, wakague, wagaiwe glavu, yaishe.

Nyundo Moja: OSHA ni ya bara, shekhe, huku tuna sheria yetu. Halafu glavu mbele ya msumeno unaozunguka ni balaa. Jino likinasa uzi, linavuta mkono mzima. Rudisheni kikinga, na mbao nyembamba isukumeni kwa kijiti, si kwa kidole.

Bi Tupa: Shekhe nani? Jina langu hulioni? Nimechonga vitanda kabla hujajua kushika patasi.

Nyundo Moja: Samahani, bibi.

Bi Tupa: Na bibi pia si mimi.

Mpiga Randa, Jang'ombe: Nimerudi kutafuta jibu, nimekuta miti. Kijana hospitali wamemkata kidole, yuko kwao. Leo tumepasua mbao za madirisha tangu asubuhi. Kanzu ipo pale pale.

Babu Juba: Allah amjaalie. Keekee, mlango huo ni wa uani au wa mbele?