Uzi wa harambee: mlioandaa shughuli ya kuchangisha kwa mara ya kwanza, Kigoma na Tabora, tupeane uzoefu

Kijana wa Gungu
Habari za humu wakubwa. Mtaani kwetu tumekubaliana kuchangisha hela ya madawati ya shule ya msingi, watoto wa la kwanza bado wanakaa chini, na mimi ndo nimetupiwa ukatibu wa kamati wakati hata besdei sijawahi kuandaa. Kuna wanaotaka mechi ya hisani, kuna wanaotaka chakula cha jioni na mgeni rasmi. Waliopita njia hii nimwagieni, hela mliipataje na ililiwa wapi. Usiniambie "inategemea", niambie kwako ilikuwaje.

Mtu wa Kibirizi
Sisi tulichangia familia ya mwenzetu aliyepotelea ziwani na kitu cha kwanza tulichoangalia ni mwezi, sio wa kalenda, huu wa juu. Wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani wakati wa giza maana wanavulia taa, mbalamwezi ikiwaka sana wanapumzika. Sasa ukipanga shughuli katikati ya giza utapata wazee na watoto tu, wanaume wote wako majini au wamelala mchana. Weka mbalamwezi inapoanza, watu wapo nyumbani na mgao umetoka juzijuzi, haujaisha mfukoni. Halafu uangalie ziwa halijafungwa. 2024 serikali ilisimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, kuna jamaa walikuwa wamepanga harambee yao humohumo, mama muuza dagaa utamwomba nini kipindi kile?

Bi Mkubwa Ujiji
Mwanangu wa Gungu, chakula cha jioni cha ukumbini kiache kwanza. Ukishalipa ukumbi, mapambo, mpishi na mziki hiyo hela ya kadi imekwisha, madawati utanunua kwa maneno. Sie wanakikoba tulipochangisha kisima cha msikiti hatukugusa hela ya mchango kupikia, kila mama alitoka na kitu kwake, huyu galoni la mawese, huyu unga wa muhogo, yule migebuka, tukapika palepale uwanjani tukauza sahani. Na kilicholeta hela hata sio chakula, ni jogoo! Jogoo mwekundu kafungwa kamba ya katani mguuni, mnadishaji anamnyanyua juu, elfu kumi, kumi na tano, ishirini, mtu analipa halafu anasema "nimemrudisha", anauzwa upya. Karudishwa na kurudishwa mpaka mwenyewe kachoka kupiga kelele, mwisho kuna mzee kamnunua kampa imamu. Ila mwenye ndoo ya hela akae mbele kabisa, mtu alipe ndo apigiwe vigelegele. Ukimpigia kwanza anarudi kukaa na hela yake.

Mchawi wa Penalti
Jogoo ndo alistahili kuwa mgeni rasmi 😂

Mnyamwezi wa Isevya
Mwangaluka. Huku Tabora tulichangia vitanda vya zahanati, na hapo kwenye mgeni rasmi naomba niseme taratibu. Mgeni wetu aliwekewa mafuta kwenye gari, akapewa galoni la asali ya nyuki wakubwa, akasimama akatangaza milioni mbili, makofi, picha. Kamati kwa furaha ikaenda kumwambia fundi aanze kuchomelea vitanda kwa kutegemea ile milioni mbili. Simu inaita mpaka leo. Kwa hiyo daftari la ahadi na daftari la taslimu yawe mawili tofauti na MC asisome jumla ya pamoja, maana watu wakisikia "tumepata milioni tano" wanafunga pochi wakati mkononi mna laki nane.
Kingine, mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua usimpelekee kadi kabla masoko hayajalipa, na hata yakilipa chama cha msingi kinakata kwanza mkopo wa pembejeo. Tuliruhusu watu watoe mazao, tukapata mahindi, karanga, asali, tukauza wenyewe. Gunia lilitoka kirahisi kuliko noti.

Mtendaji Mstaafu
Msisahau karatasi vijana. Kuchangisha umma kunataka kibali. Anza na mtendaji wa mtaa ukiwa na barua na muhtasari wa kikao, atawaelekeza wilayani, na kama kuna mkusanyiko polisi wapewe taarifa mapema. Halafu kwa vile ni madawati, mwalimu mkuu na kamati ya shule wawe ndani tangu siku ya kwanza. Toka elimu bila ada ianze 2016 michango ya shule inaangaliwa sana, ikionekana mzazi analazimishwa mtaitwa kujieleza.

Kijana wa Gungu
Shukrani sana, mechi naona inabaki ila ya kijiweni tu na jogoo lazima. Sasa hela za simu zinaingia wapi, nitoe namba yangu?

Wakala Mwanga
Namba yako?? Usithubutu mdogo wangu. Mtu akituma anaoneshwa jina kabla hajaweka namba ya siri, akikuta jina asilolijua anaghairi, nawaona kila siku hapa kibandani. Chukua lipa namba ya jina la kikundi au akaunti ya benki ya saini tatu. Na kila jioni mweka hazina atupie kwenye grupu la WhatsApp orodha ya waliotoa na salio, hata kama siku hiyo katoa mmoja buku mbili. Grupu letu lilikuwa limekufa, orodha ilivyoanza kupanda watu wakaanza kuulizana "mbona jina langu silioni", mtu anatuma hapohapo.

Mtu wa Kibirizi
Na viti vya kukodi mvihesabu wakati wa kupokea, mwenye viti akiwepo. Jioni mtalipishwa hata vilivyokuja vimevunjika.