Naomba ushauri: nasahihisha rasimu, inarudi na makosa yaleyale

WinoMwekundu
Wadau mnaosimamia tasnifu, naombeni msaada. Sura inakuja, naisoma mstari kwa mstari, naijaza maoni, nairudisha. Ikirudi, koma zimekaa sawa lakini swali la utafiti bado halieleweki. Wengine wakishapokea maoni wanapotea, wanaibuka siku chache kabla ya kuwasilisha na sura tano kwa mpigo. Kazi hii naipenda, na sitaki kugeuka mhariri wa lugha. Mnafanyaje?

Pambizo
Anza na hayo maoni yenyewe. Mwanafunzi akikuta maoni sitini yenye uzito mmoja, anakimbilia mepesi: tahajia, koma, mpangilio wa marejeo. Lile la "swali lako halijibiki" linabaki, maana ndilo gumu na limezama katikati ya mengine.

Soma kwa tabaka. Raundi ya kwanza usiguse lugha. Soma sura nzima bila kalamu, kisha mwandikie nusu ukurasa: hoja niliyoielewa ni hii, inavunjikia hapa, rekebisha mambo haya matatu kwa mpangilio huu. Raundi ya pili ni ya aya. Mwagize aandike pambizoni sentensi moja inayobeba wazo la kila aya. Aya isiyopata sentensi yake ataifuta mwenyewe. Lugha na marejeo viwe vya mwisho, na hapo sahihisha ukurasa mmoja tu kikamilifu, zilizobaki azisahihishe yeye kwa kufuata huo. Ukihariri zote, atabofya kukubali kila badiliko bila kusoma, na kosa litarudi sura ijayo.

Hojaji
Naunga mkono, ila makosa yanayoumiza zaidi hutokea kabla hata ya rasimu: mwanafunzi anakusanya data bila kujua ataichambuaje. Kabla hajaenda uwandani, mdai jedwali la safu nne: lengo mahususi, data inayohitajika, itatoka kwa nani, itachambuliwa vipi. Kukiwa na kisanduku kitupu, haendi.

Hojaji ipitie swali kwa swali. "Je, umeridhika na bei na huduma?" ni maswali mawili, na jibu la "hapana" halikuambii chochote. Aijaribu kwa watu kama kumi walio nje ya sampuli.

Halafu sampuli. Wengi hunakili fomula ya Yamane ya kupata ukubwa wa sampuli, n = N / (1 + Ne²), yaani n ni sampuli, N ni idadi ya watu wote na e ni kiwango cha kosa, bila kujua kazi yake. Kwa watu 200 na kiwango cha kosa cha 0.05 inatoa 133, sawa, lakini imekusudiwa kukadiria uwiano kwa sampuli iliyochaguliwa kinasibu. Anayefanya mahojiano ya kina na watu 15 haihitaji. Akiiweka, mtahini wa nje atamwuliza wale wengine waliotajwa na fomula wako wapi. Na mahojiano yasimdanganye kwa uchache: saa moja ya sauti hula saa nne hadi sita kuiandika neno kwa neno. Wa shahada ya kwanza akipanga mahojiano 30, mpunguzie mapema.

WinoMwekundu
Ahsanteni sana. Na wanaopotea je? Na nikihisi sura imeandikwa na programu ya akili mnemba?

Daftari
Wengi wanaopotea wanaona aibu. Wamechelewa kidogo, wanataka warudi na kitu kikubwa cha kufidia, muda unazidi kwenda. Weka kikao kila baada ya wiki mbili, hata kama hajaandika neno. Siku mbili kabla atume ukurasa mmoja: nilichofanya, nilipokwama, maswali yangu. Baada ya kikao aandike *yeye* mliyokubaliana, ndani ya saa 24. Hapo ndipo utajua kama alikuelewa. Akikosa vikao viwili mfululizo, mwandikie rasmi kupitia idara na utunze nakala.

Kuhusu programu, usihukumu kwa asilimia. Vigunduzi vya akili mnemba hukosea. Hata ripoti ya ufanano, ile inayoonyesha sehemu zinazolingana na maandishi ya wengine, ifungue uisome: asilimia 25 inaweza kuwa marejeo na majina ya taasisi, na asilimia 6 ikawa aya nzima iliyoibwa. Chagua marejeo matatu, mwambie afungue chanzo akuonyeshe ukurasa. Marejeo ya kubuniwa hujulikana papo hapo. Omba rasimu za awali, kisha aieleze hoja kwa mdomo. Akishindwa, fuata utaratibu wa chuo, usiamue peke yako.

Pambizo
Naongeza moja, kwa sababu ndiyo raha ya kazi hii. Siku mwanafunzi akikataa maoni yako na kukuonyesha sababu kutoka kwenye data yake, usijitetee. Mwambie aiandike hoja hiyo ndani ya sura, maana mtahini naye atauliza swali lilelile.