Mrejesho: mabega kukaza na mawazo ya usiku

Wakuu, nimerudi. Miezi mitatu iliyopita niliuliza kama mazoezi ya kuusikiliza mwili yangenisaidia mabega yaliyokaza na usingizi wa mang'amung'amu. Mmoja wenu akasema nilale chali sakafuni, magoti juu, nisogeze nyonga taratibu dakika 15 kila siku. Kusema kweli, niliona utani, ila nikajaribu.

Wiki ya pili nikajifumania: nikisoma tu ujumbe wa bosi, meno yanabana, pumzi inakatika, mabega yanapanda mpaka masikioni. Kumbe! Na kichwa chenyewe kina kilo 4 hadi 5, nami nimekiinamisha kwenye simu kutwa nzima.

Siku hizi nikijigundua nimekaza, natoa pumzi ndefu, mabega yanashuka yenyewe. Usingizi umerudi. Shingo upande wa kushoto ndiyo bado inagoma.