Naitwa ghafla kuongea mikutanoni, nijiandaeje?

Mjukuu wa Makonde:
Habari za jioni wakuu. Ni mjumbe mpya wa bodi ya AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, huku Tandahimba. Kazi naimudu, mtihani ni kuongea. Mkutano ukiwa katikati nasikia tu, "Hebu mjumbe, wasalimie wanachama uwaambie mawili matatu." Msibani vivyo hivyo. Minada ya korosho inaanza Oktoba na wakulima watataka maelezo kila mara. Mnaosimama mbele za watu, mnajiandaaje kwa jambo msilojua litawafikia saa ngapi?

Bint Mikindani:
Kaka, usiandae hotuba, andaa majibu. Maswali ya wakulima wa korosho yanajulikana: bei ya mnada imekuwaje, malipo yanaingia lini, kwa nini mzigo wangu umeshushwa daraja, makato haya ni ya nini. Kabla ya kila mkutano kaa na karani mpitie hayo. Kwenye kikaratasi andika kilo zilizokusanywa, bei ya juu na ya chini ya mnada uliopita, na malipo yamefikia wapi. Kiweke mfuko wa shati. Mwenye namba haropoki.

Mwalimu Mstaafu, Lindi:
Binti kasema kweli. Nami niongeze upangaji. Ukitajwa, usianze kuongea huku unainuka. Simama kwanza, watazame watu, vuta pumzi. Ukimya huo unauona mrefu wewe peke yako, na ndani yake unachagua hoja moja. Itaje, toa sababu, toa mfano, irudie, kaa. Yaani hivi: "Ndugu wanachama, tusipeleke ghalani korosho ambazo hazijakauka. Unyevu unaharibu ubora, na mnunuzi akiona mzigo mbovu anashusha bei. Gunia moja bichi linaweza kuwaponza wenzako waliokaa juani wakianika. Tuanike kwanza." Dakika moja haiishi. Salamu nazo ziwe fupi, sema itifaki imezingatiwa. Ukianza kutaja viongozi mmoja mmoja, lazima utamruka mtu.

Chuma cha Masasi:
Shikamoo mwalimu. Kwa mkutano sawa, ila msibani mpangilio huo siuafiki. Pale toa pole, taja jema moja la marehemu ulilolishuhudia mwenyewe, shukuru waliofika, kaa.
Kuhusu mazoezi: Toastmasters, chama kilichoanzia California mwaka 1924, wana zoezi la kumpa mtu mada papo hapo aiongelee dakika 1 hadi 2. Lifanye nyumbani. Watoto waandike vikaratasi: salfa ya mikorosho, ubwiriunga (ugonjwa wa mikorosho), stakabadhi ghalani (kuuza mazao kupitia ghala), mvua. Chomoa kimoja, ongea, jirekodi kwa simu. Ukijisikiliza utajua unapozunguka bila kufika.

Mjukuu wa Makonde:
Asanteni sana, mwalimu shikamoo. Je, mama akisimama mbele ya wote aulize makato yake ya pembejeo, nami sina jibu?

Bint Mikindani:
Usibuni kabisa! Hiyo ni ada ya watoto wake. Sema, "Mama, hesabu yako sinayo hapa. Njoo ofisini kesho asubuhi na stakabadhi yako, tuipitie na karani." Na asubuhi hiyo akukute.

Mwalimu Mstaafu, Lindi:
Marahaba wanangu. Jina lake liandike palepale, akuone unaandika.